Ngiri ya kinena: kufunguliwa sio tiba ya zamani

Siku hizi mtu akiambiwa ana ngiri ya kinena (utumbo kutokeza pale ukuta wa tumbo ulipolegea), swali la kwanza ni "mnafanya ile ya matundu?", yaani upasuaji wa kamera kupitia vitundu vidogo, na akijibiwa atafunguliwa, yaani atachanwa kawaida, anaona kama kapewa huduma ya daraja la pili. Hapo ndo ninapopinga.

Sikatai, ya matundu ina raha zake. Maumivu ya mwanzo ni kidogo, kazini unarudi mapema, na yale maumivu sugu ya kinena yanapungua. Kama ngiri ziko pande zote mbili, au ulishafunguliwa ikarudi, hapo matundu yana mantiki kabisa coz daktari anapita njia mpya bila kuchokonoa kovu la zamani.

Ila ngiri ya mara ya kwanza, upande mmoja? Ukifunguliwa unachanwa sentimita chache tu juu ya kinena, wavu laini wa plastiki unashonewa pale ukuta ulipolegea bila kuvuta nyama, njia aliyoipigia debe sana daktari Mmarekani Lichtenstein miaka ya 80. Na hili watu hawaambiwi: inaweza kufanyika kwa sindano ya ganzi hapohapo, mgonjwa yuko macho, anaambiwa "hebu kohoa" daktari aone kama wavu umekaa. Kwa mzee mwenye moyo au mapafu mabovu hili ni jambo kubwa, maana ya matundu kwa kawaida inataka nusu kaputi, na juu yake unajazwa gesi ndani.

Halafu kuna utafiti wa Marekani wa 2004, kwenye hospitali za maveterani. Ngiri za mara ya kwanza, ndani ya miaka miwili, za matundu zilirudi asilimia 10.1, za kufungua 4.0. Zaidi ya mara mbili! Utasema ni zamani, vifaa vimeboreka, sawa, lakini chimba hizo namba: kwa madaktari waliokuwa wameshafanya zaidi ya 250 za matundu, kurudi kulishuka hadi karibu asilimia 5. Yaani shida haikuwa tundu, ilikuwa mkono. Na 250 sio mchezo jamani, anayefanya moja kwa wiki anakula karibu miaka mitano kuzifikisha, na kila anayelala mezani miaka hiyo ana kinena chake kimoja cha kujaribiwa.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia matundu muulize daktari ameshafanya ngapi. Akianza kuzungukazunguka, mimi ningechagua kuchanwa.