Mpunga ukigoma kuota, usiwape kuku

Msimu uliopita jirani yangu aliwamwagia kuku debe zima la mpunga wa mbegu. Wiki mbili baada ya kuvuna alikuwa amelowesha punje chache, akaziona kimya, akasema mbegu imekufa. Iliniuma sana, kwa sababu mpunga ule ulikuwa hai. Ulikuwa umelala.

Kinachoulaza ni asidi ya absisiki, homoni inayojengeka ndani ya punje ingali inakomaa kwenye suke. Hiyo humzuia mtoto wa mmea asiamke hata maji yakimfikia. Punje ikikaa kavu ghalani kwa wiki kadhaa, makali ya homoni hiyo hupungua, na ikilowa, jiberelini, homoni inayoamsha mbegu, hushika usukani.

Kazi ya jiberelini mama yangu anaijua kwa ulimi. Kimea cha ulezi hukiloweka usiku kucha, akakichuja na kukifunika kwa gunia. Siku ya tatu vijizizi vyeupe vimeshikana kama utando wa buibui. Hapo hutafuna punje mbili tatu. Zikiwa tamu, anaanika. Utamu ule ni jiberelini: inatoka kwenye kiinitete, yaani yule mtoto wa mmea, inalifikia tabaka jembamba linalozunguka wanga, na tabaka hilo linamwaga vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Jambo hili limechunguzwa zaidi kwenye shayiri, lakini homoni yenyewe ilijulikana kupitia mpunga. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, Mjapani aliyefanya kazi Taiwan, alionyesha kuwa majimaji ya kuvu fulani, ambamo baadaye jiberelini ilipatikana, ndiyo yanayorefusha miche ya mpunga kupita kiasi.

Mimi nasema tunaisifu mno mbegu inayowahi kuota. Ngano isiyo na usingizi, mvua ikiikuta imekomaa shambani, huchipua juu ya suke, na unga wake hutoa mkate unaonata. Yapo hata mahindi yenye kasoro ya kurithi, yasiyoweza kutengeneza asidi ya absisiki. Huota yakiwa bado mabichi kwenye gunzi. Kwa hiyo usingizi ni ulinzi wa mavuno, na mabwana shamba wangepaswa kutuambia hivyo mapema, kabla ya kutuhimiza mbegu mpya.

Jirani nimemwomba jambo moja. Akivuna safari hii, aloweshe punje mia mara moja, kisha mia nyingine baada ya miezi miwili, azihesabu zote kabla hajawaita kuku.