Bafa au hakuna, kapasita kubwa au ndogo: uliza kwanza kinachofuata

Watu wanaojiundia pedali za gita wenyewe (viboksi vya kubadili sauti, vinakanyagwa kwa mguu) wana ubishi mmoja hauishi. Upande mmoja wanasema weka bafa (sakiti ndogo inayopokea mawimbi bila kuyalemea na kuyatoa yakiwa na nguvu) mwanzo na mwisho wa sakiti, kapasita za kuunganisha hatua (sehemu za sakiti zinazofuatana) ziwe kubwa, hapo hupotezi kitu. Upande wa pili wanasema kila unachoongeza kinachafua sauti, weka swichi ya tru-baipasi (pedali ikizimwa mawimbi yanapita moja kwa moja bila kugusa sakiti), bafa toa, kapasita ndogo moja inatosha. Mi naona wote wana hoja, ila wote wanaruka swali la kwanza kabisa: hicho kinachofuata baada ya kapasita kina impidansi (ukinzani kwa mawimbi) kiasi gani?

Kapasita peke yake haikati besi. Imewekwa pale kuzuia DC (umeme usiobadili mwelekeo), mfano ile volti 4.5 ya katikati kwenye sakiti ya volti 9, isivuke kwenda hatua ya mbele, huku mawimbi ya gita yanapita. Ila ikishakutana na ukinzani wa mbele yake inakuwa filta ya kukata besi, na hesabu yake ni nyepesi: 159 gawa kwa ukinzani kwa maelfu ya omu, halafu gawa tena kwa maikrofaradi, unapata hezi ambapo sauti imeshashuka desibeli 3. Nanofaradi 100 mbele ya omu milioni 1 inakupa hezi 1.6, na uzi wa E wa chini uko hezi 82, kwa hiyo hamna kilichopotea. Chukua kapasita hiyohiyo iweke mbele ya omu 10,000, sasa ni hezi 159, yaani noti za chini za nyuzi tatu nene zote ziko chini ya mstari. Ndo maana mtu akikuuliza "niweke ya ngapi?" bila kukuonyesha mchoro wa sakiti, hamna jibu la kweli la kumpa.

Hapa ndo wapenzi wa bafa wana nguvu. Pikapu (kile kinachonasa mtikisiko wa nyuzi kwenye gita) ya kawaida ni koili ndefu yenye henri kadhaa, na kebo ina takriban pikofaradi 100 kila mita, kwa hiyo kebo ya mita 6 tu imeshabeba pikofaradi 600 na treble inaanza kufifia, ongeza kebo ya kwenda kwenye ampu na pedali nne za tru-baipasi zilizozimwa zote, gita linasikika limefunikwa blanketi. Bafa moja nzuri mwanzoni, yenye impidansi ya omu milioni 1 kwenye kuingilia na ndogo sana kwenye kutokea, inamaliza hiyo ishu. Na faida ambayo haisemwi sana ni kwamba hatua za mbele zinajua zinalishwa na nini, kwa hiyo hesabu yako ya kapasita haibadiliki kila ukibadili gita.

Sasa njoo kwenye fazi (pedali ya kukwaruzisha sauti) uone upande wa pili. Fuzz Face ya 1966 ina transista mbili tu na haina bafa yoyote, impidansi yake ya kuingilia ni ndogo mno, na ndo sababu kapasita ya mwanzo ni maikrofaradi 2.2 wakati ya mwisho ni nanofaradi 10. Hizo namba sio za kubahatisha. Pikapu yenyewe ni sehemu ya sakiti, ukipunguza volyumu ya gita fazi inasafika vizuri kabisa. Tanguliza bafa na huo uhusiano umekatika, sauti inakuwa kali na ile volyumu haisafishi tena. Hapo wanaosema toa bafa wako sahihi kabisa, na mi kwa fazi ya aina hii siweki bafa mbele yake hata kwa kuombwa. Ila hawahawa wanasahau mwisho wa sakiti: ile nanofaradi 10 ikiwa na potensiomita (kinobu cha volyumu) ya omu 500,000 inakata kwenye hezi 32, poa, lakini fungua volyumu yote halafu ilishe pedali ya mbele yenye omu 50,000, unakata kwenye hezi 350 na mtu analaumu transista.

Kuna hoja ya kapasita ndogo ambayo ni ya kweli: besi nyingi ikiingia kwenye disto (hatua inayovuruga sauti makusudi) inageuka matope. Lakini kukata pale mlangoni ni kukata jumla, hairudi. Angalia pedali ya disto ya Tube Screamer, kapasita ya kuingilia inaachia karibu kila kitu, besi inazuiwa ndani ya hatua ya disto yenyewe kwa omu 4,700 na nanofaradi 47, hezi 720, na kilicho chini ya hapo hakifutwi, kinapita tu bila kukuzwa sana. Huo ndo ustadi. Ukiamua kukata kwenye kapasita za kuunganisha, kumbuka zinajumlishana, hatua tatu zilizotenganishwa vizuri kila moja ikikata hezi 80 zinakushushia desibeli 9 palepale kwenye E.

Kapasita kubwa kupita kiasi nayo sio usalama. Za elektroliti zinavujisha DC kidogo, zina upande wa chanya na hasi, na zinachelewa kujaa, ukikanyaga swichi unapata "tap!" kwenye ampu. Dawa ni rezista ya kwenda graundi kabla ya kapasita, ila ukiweka ya omu milioni 1 sambamba na ile omu milioni 1 ya ndani, pikapu inaona laki 5 tu, kwa hiyo weka milioni 2.2.

Kuhusu aina, za plastiki zinatosha kwenye njia ya sauti, kauri za aina ya X7R mi nazikwepa maana thamani yake inayumba na volti na nyingine zinapokea hata kugongwa kwa boksi. Ukitaka kujaribu thamani, chomeka soketi mahali pa kapasita ya ndani badala ya kulehemu, piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja nzito kwa kila thamani huku pedali iko kwenye mnyororo wake kamili, sio mezani peke yake.