Feni Tatu na Kanzu Moja

Nina stationari ndogo Sinza: fotokopi, printa, na kompyuta moja ya mezani niliyoinunua mtumba. Februari ya Dar mnaijua. Bati linawaka, pangaboi linagawa joto bila ubaguzi, na kompyuta ikazoea kuzima yenyewe katikati ya CV za watu. Nikaweka programu ya kupima joto. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nyuzi 94. Maji ya chai yanachemka kwa 100.

Mimi si fundi, lakini nimewahi kubadili plagi ya pasi, na mtu akishafika hapo haambiliki. Nikashuka Kariakoo, nikarudi na feni tatu za milimita 120 zenye taa za bluu. Nisiwafiche, taa ndizo zilizonitoa hela.

Alhamisi usiku, umeme umekatika, nikafungua boksi la kompyuta kwa tochi ya simu. Mbili mbele, moja nyuma. Kwenye fremu ya feni hizi mara nyingi kuna mishale miwili midogo: mmoja wa panga zinakozungukia, mwingine wa upepo unakokwenda. Mimi niliuona mmoja. Nikazielekeza kama feni ya sebuleni, ule uso mzuri ukitazama ninakotaka upepo. Kumbe feni ya kompyuta hupulizia mgongoni, upande wenye stika.

Mbili nikazichomeka kwenye waya wa pawa saplai, ule wa njano, nyekundu na nyeusi mbili. Ya tatu haikufika. Nikamulika mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba vitu vyote, nikaona pini zimeandikwa CPU FAN. Sasa, sisi huku boksi zima ndilo tunaloliita CPU. "Niletee CPU niicheki," si ndivyo mafundi wanavyosema? Basi nikasoma: feni ya boksi. Palikuwa na waya wa kifeni kimoja kidogo, kimelowa vumbi, kimekaa juu ya bonge la bati katikati. Nikakichomoa kwa heshima zote, nikachomeka yangu. "Mzee, umefanya kazi. Pumzika."

Ijumaa umeme ulirudi saa sita kasoro, na mteja wa kwanza akawa mzee mmoja wa mtaani, kanzu nyeupe imepigwa pasi hadi inakata, njiani kwenda msikitini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nichapie barua ya mjumbe, upesi tu."

Boksi nilikuwa nimeliweka juu ya kaunta, mbele limetazama wateja, ili taa zionekane. Mzee akainama kuzitazama. Nikabonyeza.

Vumbi la miaka yote ya mtumba ule, la huko ulikotoka na la hapa Sinza, lilitoka kwa mkupuo mmoja. La kijivu, laini kama unga wa ulezi. Likatua kwenye ndevu, kofia na kanzu. Mwisho ukatoka mguu wa mende, mmoja, ukanasa kifuani upande wa kushoto, pale watu wanapovalishwa nishani.

Wala hapo hatujafika kwenye harufu. Feni ya nyuma ilikuwa inavuta ndani badala ya kutoa, na nyuma ni dirisha, na dirishani ni jiko la mama lishe. Alikuwa anakaanga samaki, changu.

Mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mwanangu, hii mashine inatumia mafuta gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa natazama namba: 82, 91, 97, 100. Kioo kikawa cheusi, na taa za bluu nazo zikazimika.

Fundi simu wa jirani alikuja, akachungulia ndani, akashika mlango ili asianguke kwa kicheko. Kumbe kwa mazabodi CPU ni prosesa yenyewe, na yule niliyemstaafisha ndiye aliyekuwa anaipuliza peke yake. Akamrudisha kazini, akageuza feni zangu zote tatu, akasugua vumbi kwa brashi ya rangi. Nyuzi 58. Hela alikataa. Alitaka nimsimulie tena, pole pole, mbele ya mkewe.

Jumatatu mzee alirudi kwa ajili ya barua yake. Shati la kahawia, suruali nyeusi. Hakuvuka kizingiti.

"Washa kwanza," alisema. "Mimi niko hapa kwa muuza maji."