Wifi, hayo majani ya hoteli yaache hoteli

Wifi yangu kahamia Jambiani mwaka jana, kwenye nyumba yao mpya ambayo uwanja wake bado ni mawe na mifuko mitupu ya saruji. Juzi kanitumia picha kwa WhatsApp: majani marefu yenye manyoya ya zambarau, yamepangwa pembeni mwa njia ya hoteli moja ya huko pwani, jua la laasiri limeyapiga kwa nyuma. Mazuri, sikatai. Chini kaandika: "Wifi, nipande haya au nipande mlangilangi kama wako? Wewe ndiye unayejua." Mlangilangi ni ule mti wa maua ya kunukia ulioko uwanjani kwangu.

Ninachojua nimekijua kwa kuua mimea. Nilimjibu kwa sauti ya dakika saba, akaniambia ndefu, hana bando. Basi naiandika, na wengine wanaoulizwa na mawifi zao wafaidike.

Kwanza hiyo picha. Wifi, ikuze. Tazama chini kabisa, kati ya shina na shina: kuna mpira mweusi mwembamba umelala pale. Huo ni wa kumwagilia kwa matone. Majani yanasifiwa kwamba hayataki maji, na ni kweli, aina ile inatoka nchi kavu za Afrika na Uarabuni na kiu haiiui. Lakini hoteli inataka yapendeze miezi 12, si yabaki hai tu, kwa hiyo inayanywesha, na ina mtu wa bustani anayekata yaliyokauka kila asubuhi kabla wageni hawajaamka. Kwako mtu wa bustani ni wewe, ukishatoka kwenye mwani.

Halafu manyoya yale ni mbegu. Upepo ukivuma zinakwenda. Kule Hawaii majani haya yalipelekwa kama pambo, yakatoka bustanini yakajaa kwenye mawe ya volkano, na yakikauka hushika moto upesi. Kuna aina ya zambarau ambayo mbegu zake ni chache mno, pengine ndiyo hiyo ya picha, lakini muuza miche wa barabarani atakuapia kwamba zote ni moja. Mama yangu, mzaliwa wa Chake Chake, nilimpeleka hoteli moja kwenye harusi, akayaona yale majani, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hawa hawana ng'ombe?"

Sasa mlangilangi. Hapa nakiri nina upendeleo, na nitakuwa mrefu.

Wa kwanza niliupanda hapa hapa kwetu Dole, Unguja, mwezi wa Disemba, vuli ikiwa inaishia, kwa sababu ndipo nilipopewa mche. Kosa. Januari upepo wa kaskazi ukakaza, ardhi ikapasuka, na mfereji wa maji ya bomba ukakaa wiki tatu bila tone; tukawa tunanunua maji ya kupikia, seuze ya mti. Majani yakaning'inia kama nguo mbichi, yakaanguka moja moja, kisha kijiti kikabaki. Ukisikia watu wanasema Unguja inapata mvua takribani milimita 1,600 kwa mwaka, usidanganyike na hesabu hiyo. Nyingi inashuka masika, na mche haujui kuweka akiba.

Wa pili niliupanda Machi, mvua za mwanzo za masika zilipolowesha udongo mpaka chini. Nikauzungushia makumbi ya nazi, yamegeuzwa mgongo juu, ili ardhi isipigwe na jua. Kiangazi cha kwanza ulikunywa ndoo moja kila baada ya siku mbili, mara nyingi maji niliyooshea mchele. Kiangazi cha pili niliupa pale tu nilipouonea huruma. Mwaka wa tatu ukatoa maua, na leo umepita paa.

Asiyewahi kuishi nao hajui kwamba ua la mlangilangi linafunguka likiwa kijani, na wakati huo halina maana. Unapita chini yake hulioni, linafanana na majani. Linakaa wiki mbili tatu, linageuka manjano polepole, na kwa ndani kabisa, kwenye kitako cha vile vidole vyake virefu vilivyojipinda, kinaingia chekundu kidogo. Hapo ndipo. Na si mchana. Mchana linanukia kwa adabu tu. Ukizima taa baada ya isha harufu inaingia chumbani bila kubisha. Mume wangu mwaka wa kwanza alilalamika kichwa kinamuuma. Siku hizi akisafiri kwenda Dar ananiuliza kama umechanua.

Wiki za harusi uwanja wangu hauna amani. Watoto wanatumwa: "Shikamoo, mama kasema tunaomba milangilangi ya kikuba," yaani kile kishada cha maua ya kunukia anachojipambia mwanamke. Natoa kingoe, kile kile cha marehemu baba cha kuchumia karafuu, navuta tawi taratibu. Taratibu kweli, maana mti huu haupindi, unakatika. Mtoto wa jirani alipanda mwaka juzi bila kuniuliza, tawi likamwachia, akashukia kwenye ndoo zangu. Hakuumia, alhamdulillahi, ndoo ndizo zilizoumia. Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro, ambao wanauza mafuta ya mlangilangi nchi za nje pamoja na vanila na karafuu, hawauachi urefuke: wanaukata kichwa ukiwa mfupi na kuyalaza matawi, mchumaji afikie kwa mkono alfajiri. Laiti ningejua mapema. Wangu ukiachiwa utapita mita 10 kwa urahisi, na kila kusi naomba Mungu upepo uvunje upande wangu, si upande wa bati la jirani.

Kwa hiyo, wifi, unataka nikwambie upande mlangilangi? Hapana.

Huku kwetu ni udongo mwekundu, jembe linazama lote. Kwako ni maweni. Nakumbuka siku ile shemeji alipotaka kuchimbia nguzo ya kamba ya kuanikia: mtaimbo ulilia ngaa, ukarudi. Shubiri moja ya udongo, chini yake jiwe. Mlangilangi unataka kina na unyevu. Utakuonyesha majani mawili matatu masika, kisha utakufa kifo cha ule wangu wa kwanza, na utanilaumu mimi.

Panda mchaichai. Najua ushaanza kucheka. Utaniambia mchaichai ni wa chai, wa nyuma ya jiko, karibu na pale panapomwagwa maji ya vyombo, si pambo. Nani kasema? Njoo utazame shina langu la ukutani saa kumi na moja jioni: limefika kifuani, majani yanapanda juu kisha yanainama pande zote kama maji ya chemchemi, rangi yake kijani chenye ubuluu kidogo, na upepo ukipita yanafanya ule mwendo wa kuyumba ambao hoteli inaununua. Usipande moja. Moja ni dawa. Panda minane kwa mstari, hatua moja baina ya shina na shina, kuanzia mlangoni hadi kwenye kisima, na mtu akiingia kwako ataona mpango.

Nao haurushi mbegu, kwa sababu nadra sana kutoa ua. Unagawiwa kwa kung'oa vipande vya shina. Januari ncha zitakuwa kahawia, utadhani unakufa. Uache. Kabla ya masika shika panga, ukate wote ubaki shubiri moja, utarudi na nguvu. Vaa nguo ya mikono mirefu, jani lake linachana kama wembe. Na usimwamini anayekwambia utafukuza mbu kwa kusimama tu pale ukutani. Harufu imo ndani ya jani, haitoki mpaka ulivunje. Pale Wawi, Pemba, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ndivyo wanavyoutoa mafuta mchaichai, kwa mvuke, si kwa kuutazama.

Kitu kimoja mchaichai hautakupa, nacho ni kivuli, na hapo nakubali umenishika. Saa tisa utatandika wapi mkeka wako? Kwa kivuli panda mwarobaini, mmoja, mbali na ukuta. Uko kijani karibu mwaka mzima na jiwe haliuogopi. Tafuta mahali jiwe lilipopasuka, shemeji apanue kwa mtaimbo, mjaze udongo wa kuletwa na samadi. Kunguru watakuja kujenga, hilo siwezi kukuficha. Waliletwa mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka za mji, na tangu hapo wanatusafisha sisi.

Mashina manane nimeshayang'oa, yamo kwenye gunia bichi chini ya mlangilangi, yakae kivulini. Majani nimeyapunguza ili yasikunywe maji bure. Njoo Ijumaa kabla hayajakauka, na usije mikono mitupu: pweza wa kwenu, mkubwa, ambaye hajawekwa kwenye friji.