Kamera mpya nitaishika ikishazeeka

Siku hizi wapiga picha wawili wakikutana Kigoma, hata kama kilichowakutanisha ni dagaa pale Kibirizi, hazipiti dakika tano kabla hawajafika kwenye kamera itakayomrithi Nikon Z9. Itakuja na nini? Itapiga picha ngapi kwa sekunde? Nami huwa natia neno, tena kwa sauti. Lakini niseme mapema: ikitoka, sitainunua. Z9 ilipotangazwa Oktoba 2021, bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 5,500, yaani zaidi ya milioni 12 za kwetu, hapo lenzi bado. Hizo ni harusi ngapi za huku? Niache kuhesabu nisije nikalia.

Mimi nitainunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Miaka sita saba baadaye, Kariakoo, mpira wa kushikia umeanza kubanduka, dalali ameifuta kwa spiriti mpaka inang'aa. Basi naisubiri kwa jicho la mmiliki wa tatu, na jicho hilo halitazami vinavyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo.

Linatazama shata, yale mapazia ya ndani yanayofunguka na kufunga ili mwanga uingie. Kamera yangu ya pili, ambayo siitaji jina kwa sababu haikuwa na kosa ila uzee, ilinifia Ujiji. Ilikuwa nikahi, baada ya alasiri. Bwana harusi ameshikana mkono na walii, sheikh anamlisha maneno, msikiti wote kimya. Nikabonyeza. Kioo cha ndani kikapanda, hakikushuka. Nikachungulia: giza. Nikazima, nikawasha, nikachomoa betri nikairudisha, jasho linatiririka mpaka kwenye vidole; ikatoa mlio kama wa mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Bwana harusi akaitikia nikiwa nimeinama naibembeleza. Picha ya tukio lile ilipigwa na simu ya mdogo wake, na ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwao mpaka leo. Kila nikipita pale naangalia pembeni.

Fundi alipoifungua alikuta mapazia ya shata yamekatika. Alipoisoma kwenye kompyuta, ilikuwa imeshapiga picha 212,000. Tangu niinunue nilikuwa sijafikisha hata elfu sitini. Dalali alikuwa ameniapia: "Kaka, hii ilikuwa ya ofisi, inakaa kabatini tu, haijafika elfu thelathini."

Sasa utaelewa kwa nini niliposikia kwamba Z9 haina kabisa shata ya kujifungua na kujifunga, nilisimama. Hakuna pazia, hakuna kioo cha kupanda na kushuka. Sensa yenyewe, kile kipande kinachonasa mwanga, inasomwa mstari kwa mstari, na kuimaliza yote haichukui hata sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Mlio unaousikia unatoka kwenye spika, ukitaka unauzima. Watu waliisifu kwa ajili ya viwanja vya mpira na mashindano ya magari. Mimi niliona msikiti wa Ujiji, niliona na dalali akikosa uongo mmoja katika orodha yake. Kitakachochakaa kipo, vifungo na milango ya kadi, lakini si kitu cha kukatika mbele ya walii. Kamera ijayo wakirudisha shata ya chuma kwa sababu yoyote ile, mimi na wao basi.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Wao wanataka hatua moja zaidi: sensa nzima isomwe kwa mpigo mmoja, kama Sony walivyofanya kwenye A9 III waliyoitangaza Novemba 2023, ya kwanza ya aina hiyo katika kamera za fremu kamili, yaani zenye sensa ya ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35. Inapiga picha 120 kwa sekunde, flashi inaiwahi kwa spidi yoyote, na zile taa za LED za ukumbini hazimchori bi harusi mistari usoni kama pundamilia. Vizuri sana. Lakini tazama ISO yake ya chini kabisa, yaani kiwango cha sensa kuhisi mwanga: inaanzia 250. Z9 inaanzia 64. Sensa ya namna ile kila tundu lake linahitaji mahali pa kuuweka kando mwanga uliokwisha kukusanywa wakati unasubiri kusomwa, na mahali hapo panapunguza nafasi ya mwanga wenyewe.

Kwa mtu wa Kigoma hilo si jambo la kwenye makaratasi. Maharusi wetu lazima wapigwe picha ziwani, na lazima iwe saa saba mchana kwa sababu saluni ilichelewa. Shela nyeupe inawaka. Bwana harusi ni mweusi kama mimi, amevaa suti nyeusi. Nyuma yao Tanganyika inametameta kama bati jipya. Ukilinda shela, sura ya bwana harusi inabaki kivuli. Ukimfuata yeye, shela inaungua na yale marembo yaliyoshonwa kwa mkono yanageuka karatasi tupu. Sensa yenye uwezo wa kubeba giza na nuru kwa pamoja ndiyo inayoniokoa hapo. Mistari ya LED mara nyingi naikwepa kwa kushusha spidi ya shata mpaka 1/100 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Shela iliyoungua hairudi. Kwa hiyo wakiniuliza nichague, nachagua kusoma kwa mstari, ila kwa kasi kubwa kuliko ya sasa, na ile 64 yangu wasiiguse.

Jambo la pili ni kadi za kuhifadhia picha, na hili nalisema kwa uchungu. Z9 ina nafasi mbili, zote za CFexpress, kadi za kasi kubwa. Kadi ya SD, ile ya kawaida, naipata Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kwenye duka linalouza pia chaja na visafisha masikio. CFexpress ni mpaka niagize Dar, isafiri kwenye basi, na kisomeo chake nacho kiagizwe, maana cha zamani hakiikubali. Z8, mdogo wake wa mwaka 2023, alipewa nafasi moja ya SD na hakuna aliyekufa. Najua, SD ni ya polepole, ukipiga mfululizo kamera itajaa na kukugomea. Nitasubiri. Kusubiri ndiyo kazi ninayoijua kuliko kupiga picha.

Betri je? D850, kamera ya Nikon ya kioo ya mwaka 2017, ilipimwa kwa utaratibu wa CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, ikafikisha picha 1,840 kwa chaji moja. Z9 kwa kipimo hichohicho ni 700 na kitu, maana kioo cha kuchungulia ni skrini ndogo inayokula umeme muda wote. Kazini inazidi hapo, lakini mmiliki wa tatu habahatiki kupata betri mpya. Anapata iliyokwisha kuchoka. Sisi tuliokulia kwenye umeme wa jenereta tunajua kuishi kwa kubana. Ombi langu ni dogo: wasiuvunje ukoo wa betri za EN-EL18 ulioanza na D4 mwaka 2012, ili hata kuukuu ya mwenzako ikufae, na kuchaji kwa USB-C kubaki, niiunganishe na pawabenki wakati wageni wanakula.

Kile kipazia cha kinga cha Z9, ambacho si shata bali kinafunika sensa tu ukizima kamera, kibaki pia. Anayebadilisha lenzi barabarani huku mwezi wa nane, vumbi jekundu likipanda, hahitaji maelezo.

Megapikseli nitazipitia haraka. D850 ilikuwa na 45.7, Z9 ikaja na 45.7, na hakuna mteja wangu hata mmoja aliyelalamika. Hizo zinachapa picha ya inchi 27 kwa 18 bila kuinyoosha. Mteja mwenyewe anasema, "Nitumie WhatsApp, niweke status."

Ninachokitamani mpaka nakiota ni kingine. Toleo la 2.00 la programu ya Z9, Aprili 2022, lilileta uwezo wa kurudi nyuma: ukiwa umeminya kitufe nusu, kamera inahifadhi kwa muda kile inachokiona, na ukibonyeza mpaka chini inakupa na sehemu ya sekunde iliyokwisha kupita. Pale Kibirizi kuna watoto wanaojirusha majini kutoka kwenye boti. Ukiona mguu umeachia mbao, umeshachelewa. Kidole chako kikifika, mtoto ni povu. Kwa uwezo huu unampata angali hewani, magoti kifuani, macho kayafumba. Shida ni kwamba Z9 inafanya hivyo kwa JPEG tu. Mwenye mtoto mweusi mbele ya maji yanayong'aa anataka picha ghafi, RAW, apate cha kurekebisha. Ijayo ikileta hilo, nitawasamehe hata habari ya kadi. Na uzuri wa programu hizo ni kwamba hazimuulizi mtu risiti: mmiliki wa kwanza na wa tatu wote wanapakua bure. Mimi nalipia bando tu.

Kwa sasa natumia D850 niliyoipata kwa milioni tatu na kidogo. Shata yake kiwanda kiliipima mpaka mara 200,000. Jana usiku nimeisoma: 187,412. Jumamosi nina harusi Katonga. Nimeazima kamera ya pili kwa rafiki yangu, na mdogo wangu nimemwambia aje na simu yenye chaji.