Saratani ya Utotoni Ikipona, Nani Anaufuatilia Moyo?

Wapo wataalamu wa afya wanaoona kwamba kuanzisha ufuatiliaji wa kudumu kwa vijana waliopona saratani ya utotoni, katika nchi kama Tanzania au Uganda, ni kuezeka paa kabla ya kujenga msingi. Hoja yao ina uzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, ilhali katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Kwa hiyo, wanasema, fedha zilizopo ziende kwanza kwenye kuutambua ugonjwa mapema, kununua dawa, na kumpa mzazi nauli ili asikatize matibabu ya mwanawe.

Hata hivyo, hoja hiyo huchukulia kwamba siku ya dozi ya mwisho ndiyo siku deni linapokwisha. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Marekani na Kanada uliowahusisha zaidi ya watu 10,000 waliougua saratani utotoni kati ya mwaka 1970 na 1986. Asilimia 62 walikuwa na angalau tatizo moja sugu la afya, na zaidi ya robo yao walikuwa na tatizo kubwa au la kuhatarisha maisha. Ni kweli kwamba enzi hizo mionzi ilitumika kwa wingi kuliko sasa, na takwimu za huko haziwezi kuhamishiwa kwetu kama zilivyo. Lakini wastani wa umri wa watu hao ulikuwa miaka 26 hivi, umri ambao wenzao ndio kwanza wanaanza kazi na familia.

Tuiangalie doksorubisini, ile dawa nyekundu inayotumika katika saratani kadhaa za watoto. Inaokoa maisha, lakini inaweza kudhoofisha msuli wa moyo, na udhaifu huo ukajificha kwa miaka mingi. Binti aliyetibiwa akiwa na miaka sita anapopata ujauzito, moyo wake hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi, na hapo ndipo anapoweza kuanza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Mkunga wa zahanati, asiyejua lolote kuhusu matibabu yale, ataona dalili ambazo wajawazito wengi huwa nazo, na atamwambia apumzike.

Hapa ndipo wanaopinga wanapokosea kuhusu gharama. Sehemu ya kwanza ya huduma hii haihitaji jengo wala mashine. Inahitaji karatasi moja inayotaja aina ya saratani, dawa alizopewa, jumla ya dozi, na sehemu iliyopigwa mionzi. Aliyefikisha miligramu 250 za doksorubisini kwa kila mita ya mraba ya eneo la ngozi ya mwili huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya moyo, lakini jumla hiyo haipatikani tena faili likishapotea.

Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti ni kigumu zaidi kukifikia, kwa kuwa mabingwa wa moyo wamejaa mijini, hilo halikanushiki. Basi wapewe nafasi ya kwanza wale wa dozi kubwa, pamoja na mabinti wote waliowahi kutumia dawa hiyo wanapoanza kliniki ya wajawazito. Karatasi yenyewe iandikwe na wodi iliyowatibu, kabla mzazi hajasaini ruhusa ya kwenda nyumbani.