Daftari la Mkamuaji wa Alizeti

Semina za kuongeza thamani ya mazao nimehudhuria za kutosha. Unafundishwa kuchuja, kufungasha na kubandika lebo, unapewa cheti, unarudi nyumbani. Sijawahi kumsikia mkufunzi akieleza mashine itakula nini ikifika Desemba.

Hilo nimefundishwa Singida, na mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti. Nilimkuta akichekecha mbegu zilizokwisha kuchekechwa. Akanifungulia kiganja: punje nyeusi, na katikati yake chembe za mchanga. "Huu ndio uliokula mtaji wangu, mwanangu." Msimu wake wa kwanza alinunua magunia bila kuyafungua. Mchanga ukala vyuma vya kukamulia, mafuta yakawa yanabaki kwenye mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa. Alibadilisha vyuma mara mbili kabla hajajua kosa liko wapi.

Kisha akaniletea daftari. Alizeti huanza kuvunwa karibu na Mei. Miezi miwili mitatu inayofuata kila nyumba ina magunia na bei iko chini. Huo ndio wakati wa kujaza ghala, na ndio wakati mkamuaji mdogo hana kitu mfukoni. Yeye mwaka aliokopa, mkopo wote aliutia kwenye mashine, asibakiwe na fedha ya kujaza ghala. Kwenye ukurasa wa Oktoba wa mwaka ule hakuna mstari hata mmoja wa mauzo, ila marejesho ya mkopo tu, wiki baada ya wiki. Niliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Siku hizi fedha yake kubwa anaiweka kwenye mbegu.

Na mashudu! Zaidi ya nusu ya uzito wa mbegu hutoka kama mashudu, na wafugaji wanayahitaji. Bei ya mafuta ikishuka, anasema, mashudu ndiyo yanayolipa umeme na vijana wa mashine. Anayepiga hesabu ya mafuta peke yake anaweza kufunga biashara ambayo ingemlisha.

(Nilimuuliza mbona hapangi chupa kando ya barabara kuu kama wenzake. Akasema jua linaharibu mafuta, na mteja akishanusa harufu mbaya mara moja harudi.)

Sidharau mafunzo. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, imekuwa ikiwashika mkono wenye viwanda hivyo tangu 1973, na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inamfungulia mtu milango ya maduka. Ninachodai ni kwamba watu kama mama huyu wapewe nafasi ya ukufunzi, tena walipwe kama wakufunzi wengine. Kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane huwa anaalikwa kupanga chupa mezani, na hotuba wanatoa wengine. Mimi ningempa saa nzima mbele ya vijana wanaosubiri kusaini mikopo ya mashine, awafungulie ule ukurasa wa Oktoba, nao wamuulize.